Taima inahesabu lakini muda hauji sawa: tafuta chanzo kwa sura ya kosa

Ukipima muda kwa taima (kaunta ya muda) ya mikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha kifaa, na jibu likaja si lenyewe, usikimbilie kuandika programu upya wala kubadilisha bodi. Liangalie kosa kwanza. Je, linakua kadiri muda unavyorefuka? Ni la kiasi kile kile, upime kifupi au kirefu? Linatokea mara moja moja tu, lakini kila likitokea ni kwa kiasi kikubwa kisichobadilika? Au namba zinarukaruka bila mpango? Kila sura ina chanzo chake, na ukishaijua sura umebakiwa na pahali pachache pa kutafuta. Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaotengeneza vifaa vya kupimia maji ya tangi, upepo, mwendo wa jenereta au kupwa na kujaa kwa bahari wanapoteza siku nzima kwenye waya kwa sababu hawakuanza na swali hili, nami naona uchungu kuona juhudi nzuri inaishia hapo.

Maelezo haya yanafuata bodi ya Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa 16 MHz. Chipu hiyo ina taima tatu: Timer0 na Timer2 za biti 8, na Timer1 ya biti 16. Ya kupimia muda kwa uhakika ni Timer1, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kunasa: pini namba 8 ikibadilika hali, chipu yenyewe hunakili hesabu ya wakati huo kwenye rejista (pahali pa kuwekea namba ndani ya chipu) ya ICR1 bila kusubiri programu.

Pata kwanza muda unaoujua

Huwezi kuona sura ya kosa kama huna cha kulinganishia. Saa ya simu na jicho lako havifai. Kinachofaa na kinachopatikana kwa bei ya kawaida ni moduli ya GPS kama NEO-6M, ambayo hutoa pigo moja kila sekunde kwenye pini ya PPS. Iweke pahali panapoona mbingu, usubiri ishike setilaiti, kisha ulete pigo hilo kwenye pini 8. Ukinunua, angalia kama pini ya PPS imetolewa nje. Kwenye baadhi ya moduli imeishia kwenye taa ndogo tu.

Umeme wa ukutani usiufanye kipimo. Masafa yake ni 50 Hz kwa wastani, lakini hupanda na kushuka kidogo kwa kufuata mzigo.

Ukiweka kigawanyo cha saa, yaani namba inayogawa ile 16 MHz kabla haijafika kwenye taima, kuwa 8, kila hatua ya Timer1 ni nusu mikrosekunde, na sekunde moja ya GPS ni hatua 2,000,000. Namba hiyo iandike mahali. Karibu kila ugonjwa unaofuata utauona ukilinganisha nayo.

Hesabu haipiti 255, tena inapanda na kushuka

Hili ni jepesi. Arduino inapoanza huiweka Timer1 katika hali ya kuendesha PWM (mapigo yanayobadilishwa upana) ya biti 8, ambapo hesabu hupanda mpaka 255 kisha hurudi chini mpaka 0. Mipangilio ya taima hiyo iko kwenye rejista mbili, nawe umebadilisha TCCR1B ukaisahau TCCR1A. Andika `TCCR1A = 0;` mwanzoni mwa `setup()`, halafu TCCR1B iandike nzima kwa alama ya `=`, usiongezee juu ya yaliyokuwemo.

Muda mrefu unasomeka kuwa mfupi mno

Sekunde ya GPS inasomeka 16.96 ms. Namba hiyo haikutoka hewani. Timer1 inahesabu mpaka 65,535 kisha inarudi sifuri. Kwa kigawanyo cha 8 hilo hutokea kila 32.768 ms. Ndani ya hatua 2,000,000 kaunta imefurika mara 30 na kubakisha hatua 33,920, na hizo 33,920 ndizo 16.96 ms ulizoziona. Taima imefanya kazi yake sawasawa, ila programu haikuhesabu mafuriko.

Kwenye maabara kosa hili huonekana upesi, kwa sababu hakuna atakayeamini sekunde ya milisekunde 17. Hatari iko kwenye vifaa ambavyo jibu la uongo linafanana na la kweli. Chukua tangi la maji juu ya paa, lenye sensa ya sauti ya HC-SR04 chini ya mfuniko. Sensa hutuma sauti, kisha hunyanyua pini yake ya Echo kwa muda wote ambao sauti inakwenda na kurudi. Isiposikia mwangwi hukata tamaa baada ya takriban 38 ms na kuishusha. Sasa toa 32.768 kwenye 38: zinabaki 5.232 ms. Gawa mikrosekunde 5,232 kwa 58, kama inavyofanywa kupata sentimita, unapata 90.

Kwa hiyo siku sensa inapolegea kwenye mfuniko na kutazama ubavu wa tangi, ukapotea mwangwi, skrini inasema maji yako sentimita 90 chini ya mfuniko. Namba imetulia, haitikisiki, na hakuna anayeishuku mpaka mtu afungue bomba na bomba likohoe hewa. Nakala nyengine za sensa hii husubiri zaidi ya 38 ms, hivyo kwako namba ya uongo inaweza kuwa tofauti, lakini itakuwa ile ile kila mara, na huko kutulia kwake ndiyo dalili.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuwasha intarapti ya kufurika (intarapti ni wito unaoikatiza programu ili fanksheni maalumu iendeshwe) na kuhesabu mafuriko, ambayo ndiyo ya lazima kwa muda wowote mrefu. Ya pili, ambayo kwa tangi naiona bora, ni kuongeza kigawanyo mpaka 64. Hapo kaunta hufurika kila 262.144 ms na kila hatua ni mikrosekunde 4, sawa na milimita 0.7 ya umbali. Sensa yenyewe haioni udogo huo. Kisha kataa kila pigo linalozidi 25 ms, kwa kuwa mita 4, mwisho wa uwezo wa sensa, ni kama 23 ms. Pigo lililokataliwa lionyeshe neno HAKUNA kwenye skrini, wala usirudie namba ya mwisho.

Mara moja moja jibu linaruka kwa 32.768 ms kamili

Huu ndio ugonjwa unaowachosha watu kuliko yote, maana mafuriko umeyahesabu, mambo yanakwenda vizuri kwa saa nzima, kisha ghafla sekunde ya GPS inasomeka 967.232 ms na inayofuata 1,032.768 ms. Baada ya hapo kila kitu kinarudi sawa.

Tazama hizo namba mbili. Moja imepungua 32.768, nyengine imezidi 32.768. Jozi kama hiyo ina maana moja: alama moja ya wakati, iliyokuwa mwisho wa kipimo cha kwanza na mwanzo wa cha pili, imekosa furiko moja.

Inatokeaje? Pigo limeingia mara tu baada ya kaunta kufurika, pengine hatua tatu au nne baadaye, wakati programu bado haijapata nafasi ya kuihudumia intarapti ya kufurika. Zikiwa intarapti mbili zinasubiri pamoja, ATmega328P humtanguliza mwenye namba ndogo kwenye jedwali lake, na kunasa ni namba 11 ilhali kufurika kwa Timer1 ni namba 14. Basi fanksheni ya kunasa inaingia kwanza, inasoma alama ndogo iliyotokea baada ya furiko, na inaiunganisha na hesabu ya mafuriko ambayo bado ni ya zamani.

Tiba ni kuiuliza bendera ya kufurika, TOV1, ambayo ni biti inayosimama furiko likitokea, papo hapo:

```
ISR(TIMER1_CAPT_vect) {
  uint16_t alama = ICR1;
  uint16_t juu = mafuriko;
  if ((TIFR1 & (1 << TOV1)) && alama < 0x8000) juu++;
  wakati = ((uint32_t)juu << 16) | alama;
}
```

Sharti la `alama < 0x8000` usilitoe. Bendera ikiwa imesimama na alama ni ndogo, furiko limetangulia pigo. Bendera ikiwa imesimama na alama ni kubwa, pigo ndilo lililotangulia na furiko limetokea wakati fanksheni inaanza, kwa hiyo usilihesabu. Na angalia kwamba kinachoongezwa ni `juu`, kigeu cha hapo hapo. `mafuriko` chenyewe kitaongezwa na fanksheni yake zamu yake ikifika; ukikiongeza hapa utahesabu mara mbili.

Ukiwa unapima upana wa pigo, yaani unabadilisha ukingo wa kunasa kutoka wa kupanda kwenda wa kushuka, kuna jambo moja zaidi. Kila ukibadilisha biti ya ICES1, inayochagua ukingo, bendera ya kunasa, ICF1, inaweza kusimama yenyewe, ukapata mnaso wa bandia. Ifute kwa `TIFR1 = (1 << ICF1);`. Bendera hizi hufutwa kwa kuandikiwa 1, kwa hiyo `|=` inaweza kuifuta na TOV1 pamoja, kutegemea kompaila imetafsiri vipi, na furiko lako likapotea kimya kimya.

Kosa linakua pamoja na muda

Ukipima sekunde 1 umekosea kidogo, ukipima 10 umekosea mara kumi yake. Hapa usiiguse programu ya kupima. Saa inayoiendesha chipu ndiyo yenye tofauti.

Ukubwa wa kosa unakwambia ni saa gani. Likiwa chini ya asilimia 0.5, ni tabia ya Uno yenyewe: kristali ya kwarzi unayoiona kwenye bodi ni ya chipu ya USB, na ATmega328P inaendeshwa na risoneta ya kauri ambayo usahihi wake uko kwenye kiwango hicho. Asilimia 0.5 si kitu kwa tangi la maji, lakini kwa saa ya kuendesha taa au pampu ni dakika 7 kwa siku. Likifika asilimia kadhaa, chipu huenda inatumia oskileta yake ya ndani, ambayo kiwandani husahihishwa ndani ya asilimia 10 tu na huhama kwa joto na volteji. Kifaa kilichofungwa chini ya bati kitaonyesha kosa moja asubuhi na jengine saa nane mchana.

Jibu likiwa nusu kamili, programu imetengenezwa kwa 16 MHz na bodi ni ya 8 MHz, kama Pro Mini ya 3.3 V. Likiwa sehemu moja ya 16, sekunde inasomeka 62.5 ms, umechukua chipu mpya tupu ambayo bado ina mipangilio ya kiwandani: oskileta ya ndani ya 8 MHz iliyogawanywa kwa 8.

Kwa kosa dogo la risoneta, GPS inakupa dawa bila kununua chochote zaidi. Ukisoma hatua 2,006,400 kwa kila sekunde, basi mikrosekunde moja ya bodi yako ni hatua 2.0064. Gawa kwa hiyo badala ya 2. Pima tena baada ya kifaa kukaa kwenye joto la pahali pake pa kazi, si mezani chini ya feni.

Ndugu wa kosa hili ni lile la moja iliyozidi. Kwa kutoa pigo kila sekunde kwa kigawanyo cha 1024, 16,000,000 gawa kwa 1024 ni 15,625, lakini OCR1A, rejista ya kikomo cha hesabu, inatakiwa iwe 15,624 kwa sababu sifuri nayo inahesabiwa. Ukiandika 15,625 utachelewa sekunde 5 na nusu kwa siku.

Namba zinatikisika kwa mikrosekunde chache

Ukitumia `attachInterrupt()` na `micros()`, usitegemee chini ya mikrosekunde 4. Ndiyo hatua ya Timer0, ambayo `micros()` huitegemea. Juu yake ongeza ucheleweshaji kila intarapti nyengine inapokuwa kazini, ikiwemo ya Timer0 yenyewe inayokuja kila 1.024 ms. Hamishia waya kwenye pini 8, tumia kunasa, na mtikisiko huo utakwisha.

Kipima upepo kinaona kimbunga

Kikombe cha upepo kilichofungwa ufukweni Paje wakati wa kusi kinazunguka vizuri, lakini kila baada ya muda programu inaripoti kasi isiyowezekana. Ndani yake kuna swichi ya sumaku, na swichi ya chuma haifungi mara moja: hugusa, huachia, hugusa tena ndani ya milisekunde moja au zaidi. Taima inanasa kila mguso.

Wengi huwasha kichujio cha kelele cha ICNC1 na kushangaa hakisaidii. Kichujio hicho hudai sampuli nne zinazofanana, yaani mizunguko minne ya saa, na kwa 16 MHz hiyo ni robo mikrosekunde. Kinaondoa mchomo wa umeme kwenye waya, lakini mruko wa swichi ni mrefu mara elfu kadhaa kuliko hapo. Weka muda wa chini kwenye programu: jua kasi kubwa kabisa unayoitarajia, kisha tupa kila kipimo kilicho kifupi kuliko inavyowezekana.

Kifaa cha pwani kikianza kutikisika baada ya miezi ya kufanya kazi vyema, fungua viungio kabla hujafungua kompyuta. Chumvi hula pini za waya za kuchomeka mpaka zikawa za kijani, na mguso mbovu hutoa mapigo kama swichi. Nje tumia waya uliochomelewa kwa risasi na kufunikwa.

Jenereta inasomeka 49, 50, 51 au 100 Hz

Ukihesabu mapigo kwa sekunde moja, huwezi kupata zaidi ya namba nzima. Pima kipindi: mzunguko mmoja wa 50 Hz ni 20 ms, hatua 40,000 kwa kigawanyo cha 8, nazo zinaingia kwenye biti 16 bila kufurika. Unapata desimali mbili bila tabu. Chini ya 30.5 Hz kaunta itafurika, basi lihesabu na hilo.

Ikija 100 badala ya 50, umepitisha umeme kwenye daraja la dayodi na unaona nusu mbili za wimbi kama mapigo mawili. Na usiilete 230 V karibu na bodi bila optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme) kama PC817 na vipingamizi vinavyostahili. Ukingo wa kupanda na ukingo wa kushuka wa optokapla haziendi kwa kasi moja. Nasa ukingo mmoja ule ule kila mara.

Hesabu ya mizunguko kwa dakika ikitoka hasi, tafuta `60 * 1000`. Kwenye Uno `int` ni biti 16, na 60,000 haiingii. Andika `60000UL`.

Kigeu kimekwama kwenye sifuri, au kinatoa namba za ajabu

Kikikwama, umesahau `volatile`, neno linaloiambia kompaila kwamba kigeu hicho hubadilishwa na intarapti. Kikiruka ghafla kwa 256, 65,536 au karibu na hapo, `loop()` inakisoma huku intarapti inakiandika; chipu ya biti 8 inasoma baiti moja moja. Zima intarapti kwa `noInterrupts()`, nakili kwenye kigeu chengine, washa tena, kisha ufanye hesabu kwenye nakala.

Kama kila kitu kiliharibika siku ulipoongeza sevo, maktaba ya Servo imeichukua Timer1. `analogWrite()` kwenye pini 9 na 10 nayo inaitumia hiyo hiyo. `tone()` inatumia Timer2. Ukiichezea Timer0, `millis()` na `delay()` zitaharibika.

Kifaa cha sola kinapoteza saa nzima

Kikilala usingizi mzito ili kuokoa betri, Timer1 inasimama. Hakuna cha kurekebisha kwenye taima. Muda mrefu mpe chipu ya saa ya DS3231, ambayo ni sahihi ndani ya sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, na Timer1 ibaki na vipindi vifupi kifaa kikiwa macho.

Programu ile ile, bodi nyengine

Kwenye STM32F103 kigawanyo huandikwa pungufu ya moja: 71 kwa kupata 72. Jibu likiwa mara mbili au nusu, kumbuka kuwa APB1, njia ya ndani ya chipu inayolisha baadhi ya taima, ikiwa 36 MHz, taima zake huenda kwa 72. Na ile `mwisho - mwanzo` ya `uint16_t` iliyokuwa ikivuka furiko bila shida kwenye Uno, huko hufanywa kwa biti 32 zenye alama ya chanya au hasi, ikatoka hasi. Irejeshe: `(uint16_t)(mwisho - mwanzo)`. Kwenye ESP32, `esp_timer_get_time()` hutoa mikrosekunde kwa biti 64, lakini kwa ukingo wa pigo tumia kunasa kwa MCPWM, kitengo kilichomo ndani ya chipu hiyo, maana kazi za Wi-Fi huchelewesha intarapti.

Muda ni sahihi, umbali si sahihi

Umeshalinganisha na GPS, taima haina kosa hata kidogo, na bado kipimo cha kina cha bahari kwa sensa ya sauti kwenye gati hakilingani na kamba. Wakati wa bamvua, bahari yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na katika umbali huo unaona tofauti ya sentimita 5 hivi. Ukigawa kwa 58 umeshakubali kuwa sauti inakwenda mita 344.8 kwa sekunde. Hewa ya nyuzi 30 inaipeleka karibu mita 349.5, hivyo mwangwi unarudi mapema na maji yanaonekana karibu kuliko yalipo, kwa asilimia 1.3.

Weka sensa ya joto kama DS18B20 kivulini, kwenye hewa ile ile inayopitwa na sauti, wala si ndani ya sanduku lililopigwa jua. Kasi ni 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi za joto. Zidisha kwa muda ulioupima, gawa kwa mbili. Rudia kipimo cha kamba maji yakiwa yamepwa kabisa na yakiwa yamejaa; tofauti ikibaki ile ile nyakati zote mbili, ni urefu wa pahali ulipofunga sensa tu, uutoe kwenye hesabu.